Kihisi Nyuma ya Kompyuta

Nyumba ya Lamunu ilikuwa bondeni, chini ya kilima cha Lubaga, na mvua ikinyesha kuta zake zilitoka jasho. Mwanawe wa pekee, Oola, mgonjwa wa pumu, alilala chumba cha nyuma, ambako ukuta ulikuwa umeota ukungu mweusi. Mumewe Okwera, askari aliyepelekwa Karamoja, alikuwa ametundika kila chumba kihisi kidogo cha kupima unyevu, akaviunganisha vyote kwa nyaya na kompyuta ya sebuleni. Huko alikokuwa alisoma vipimo kwenye simu.

"Chumba ya mtoto ikipita asilimia sabini, Oola anaenda kwa mama yangu huko Kitgum," alikuwa amesema. "Kule ni kukavu."

Lamunu hakuwa na ugomvi na mkwewe. Ila genge lake la chakula pale Wandegeya lisingemruhusu kumfuata mtoto, na kuishi bila Oola alikuona sawa na kukatwa mkono. Mvua za masika zilipopandisha kipimo hadi sitini na tisa, alikivuta kihisi cha mtoto, akakificha nyuma ya kompyuta, panapotoka hewa ya moto. Unyevu ukashuka.

Okwera alipiga simu akicheka. "Mama Oola, umefanya nini? Nyumba imekauka."

"Nafungua madirisha," alijibu, na uongo ulimtoka laini kama mlenda.

Wiki hiyo hiyo Oola alibanwa kifua. Kwenye kliniki, nesi Séraphine, Mkongomani, alimvutisha dawa, kisha akauliza, "Chumba ya mtoto iko na maji-maji?"

Okwera, aliyekuwa akisikiliza kwenye simu, aliwahi kujibu. "Hapana, sista. Vipimo viko hapa. Nyumba ni kavu."

Lamunu akachukua dawa, akaaga. Mtoto akarudishwa kulala chumba kile kile.

Jioni ya pili mvua ilimwagika kama mbingu imetobolewa, na midomo ya Oola ikageuka rangi. Lamunu alimfunga mgongoni, akapanda bodaboda. Walipofika, mtoto hakuwa na nguvu hata ya kukohoa. Séraphine alimvalisha barakoa ya oksijeni.

"Sista, tafuta kitu ingine," Okwera alisema simuni. "Labda ni moyo. Nyumba haina shida, nimeangalia sasa hivi."

Hapo Lamunu aliangua kilio hadi wagonjwa wa nje wakasimama. "Kihisi kiko nyuma ya kompyuta, Baba Oola. Ni mimi nilikiweka. Chumba ya mtoto inaoza."

Okwera akasema polepole, "Ungeniambia, ningeomba ruhusa nikuje nibomoe ule ukuta."

Pumzi za Oola zilirudi kwa shida, moja moja. Alipopata nguvu ya kusafiri, bibi yake alikuja kumchukua, na Lamunu alimfungia nguo kwa mikono yake mwenyewe. Utengano alioukimbia ulimpata vilevile, na nusura uwe wa kaburini. Kweli, mficha maradhi, kilio humfichua.