Tawi Lililongojwa

Mtu hujuaje kwamba amekuwa tayari kuingia katika chumba cha mtihani? Mmeniuliza hivyo, nami jibu sina, nimezeeka nikilitafuta. Lakini swali lenu la pili naliweza. Jana, mwenzenu Winfrida aliposema kwamba mtihani wa kuingia chuo ataufanya mwakani, mama yake hakubishana naye. Alimwambia tu: angojaye tawi lote liive, huokota chini. Sasa mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Hayakutoka kwa wahenga wa kale. Yalizaliwa hapa hapa Umatengoni, nikiwa bado msichana, na aliyeyatamka kwa mara ya kwanza alikuwa amechoka kupita kiasi. Yalianza hivi.

Tulikuwa na jirani aliyeitwa Filotea Komba. Aliishi na mama yake, Mama Editruda, pamoja na kaka yake Otmari. Baba yao alikuwa amekwisha kufariki, akawaachia shamba la mibuni katika mteremko ambao hata mbuzi aliupanda kwa kufikiri. Filotea alitaka kuwa muuguzi. Chuo cha uuguzi alichokitamani kiliwapima waombaji kwa mitihani mitatu: Baiolojia, Hisabati na Kiingereza. Mitihani hiyo ilifanyika mara mbili kwa mwaka, na chuo hakikumlazimisha mtu kuifanya yote kwa pamoja. Mtihani ulioufaulu uliwekewa akiba, kisha ukarudi kwa ule uliobaki. Sharti moja tu halikuwa na huruma: aliyetimiza umri wa miaka ishirini na mitano hakupokelewa.

Filotea hakupenda habari ya kufanya kazi nusunusu. Alitaka aingie mara moja, afanye yote mitatu, atoke. Mwanzoni Baiolojia aliijua vizuri mno, hata alikuwa akitueleza safari ya damu mwilini tukiwa mtoni tunafua. Hisabati, hata hivyo, ilikuwa bado inamsumbua, akasema atangoja. Alipoishika Hisabati, akaona Kiingereza chake kimeingia kutu; akangoja tena. Alipokwisha kukinoa Kiingereza, Baiolojia ilikuwa imemtoka. Wakati huo wote kazi ya shamba haikupungua. Aliamka amechoka, akasoma amechoka, akapanda mteremko amechoka, na alipoketi mchana kula, mara nyingi tulimkuta amesinzia na tonge mkononi.

Karani wa chama cha ushirika, Mzee Hyera, alikuwa amempa jina la Daktari wa Mwakani.

"Daktari wa Mwakani, mgongo unaniuma," alimwambia siku moja mbele ya watu. "Nije lini?"

"Njoo mwakani, mzee," Filotea akamjibu. "Nao utakuwa umekomaa."

Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Lakini kila aliyecheka alijua kwamba kabla ya umri wake kulivuka sharti la chuo ilikuwa imebaki mizunguko miwili tu ya mitihani. Huo wa kwanza ulikuwa karibu, naye alikuwa ametangaza kwamba hataufanya. Angeifanya yote mitatu katika ule wa mwisho.

Mwaka huo huo ndipo lilipotokea jambo la shambani. Mnajua jinsi kahawa inavyochumwa. Buni za tawi moja haziivi siku moja. Mchumaji hupita akiondoa nyekundu na kuziacha za kijani, kisha baada ya majuma kadhaa huurudia mti uleule, na kuurudia tena. Ni kazi inayomchosha mtu mpaka rohoni, kwa sababu kila unapodhani umemaliza, mti unakuonyesha kwamba hujamaliza.

Filotea akampelekea mama yake shauri. Wasichume bado. Waiache mibuni mpaka matawi yote yawe mekundu, kisha wachume kwa mkupuo mmoja. Katika kipindi hicho yeye angepata nafasi ya kusoma, na magoti ya Mama Editruda yangepumzika. Mama Editruda alisita; alisema hajawahi kumwona mtu akifanya hivyo tangu alipoolewa. Lakini magoti yalikuwa yakimuuma kweli, na mtu aliyechoka ni mwepesi wa kukubali. Otmari yeye alikubali kabla hajaulizwa mara ya pili.

Kwa muda lile shamba lilipendeza kuliko mashamba yote. Tulipita na vikapu vyetu, tukayatazama matawi yale mekundu, wengine tukaona wivu. Kisha zile buni za mwanzo zikaanza kugeuka nyeusi na kusinyaa. Ikaja mvua isiyokuwa ya majira yake, pamoja na upepo, na asubuhi yake ardhi chini ya mibuni ilikuwa imetapakaa.

Majirani tulikwenda kusaidia kuokota. Kuchuma huchosha mikono, lakini kuokota humkunja mtu mzima. Buni zilikuwa zimeingia katika matope na majani makavu, nyingine zilikuwa zimeanza kuoza, na sote tulijua kwamba katika chama zingepokelewa kwa daraja la mwisho, kama zingepokelewa. Mama Editruda alikuwa akiokota karibu na Filotea.

"Nilizaa mtoto mwenye akili," alisema bila kuinua kichwa. "Amenipumzisha magoti, akanimaliza mgongo."

Otmari akacheka peke yake. Filotea alikuwa amechuchumaa, amezikusanya buni chache nyeusi kiganjani, akizigeuzageuza kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele.

"Mama," akasema, "hizi ni zipi?"

"Zipi tena? Buni."

"Nauliza, ni zile zilizochelewa kuiva?"

"Zilizochelewa si hizo hapo juu, bado za kijani?" Mama Editruda alijinyoosha kwa shida, akashika kiuno. "Hizo ulizoshika ndizo zilizotangulia. Zilikungoja, mwanangu, hukuja."

Filotea akaketi palepale kwenye matope. Otmari akamuuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa. Nilikuwa karibu naye, nikamwona akizitazama zile buni kwa muda mrefu, na uso wake haukuwa wa mtu aliyepata furaha. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka kubishana na nafsi yake. Kisha akainuka, akatuita kwa sauti ya kawaida, nasi tukaacha kuokota.

"Kesho nakwenda kuandikisha jina langu," alisema. "Nafanya Hisabati na Kiingereza katika mzunguko huu."

"Na Baiolojia?" Otmari akauliza.

"Baiolojia niliijua kabla ya yote, nayo imekwisha kuanguka. Nitaiokota polepole, niifanye katika mzunguko wa mwisho."

"Na ukiikosa?"

"Nikiikosa, sitakuwa muuguzi. Lakini nikiendelea kungoja, hizi mbili nazo zitaanguka."

Mama Editruda alitazama vikapu, kisha akatazama safu za mibuni zilizokuwa bado hazijaguswa.

"Mtihani ni juma lijalo," alisema. "Na hizi nani ataziokota?"

"Mtaziokota wewe na Otmari, Mama. Mtanilaumu, na mtakuwa na haki. Nikirudi nitaendelea nanyi, kwa sababu zilizo chini hazianguki tena. Lakini juma lijalo mimi nakwenda kufanya mtihani. Angojaye tawi lote liive, huokota chini."