Mstari wa Chiku

Hapo zamani za kale, tena si kale sana, maana wanyama walishaanza kugombania chaja, aliishi Bi Kindi, fundi wa kuandika programu za kompyuta. Aliandika huku mwanawe, Chiku, yuko mapajani.

Siku moja Bwana Kiboko aliiamuru mashine yake yenye akili, "Niandikie programu ya kufunga na kufungua lango la bwawa!"

Mashine ile ilikuwa imesoma kazi za mafundi wote, na hakuna aliyeombwa ruhusa. Kufumba na kufumbua, programu tayari. Lango likajifunga ndi!

"Programu ni yangu, basi lango ni langu!" akanguruma Kiboko. "Atakaye maji anilimie kutwa nzima!"

Lo! Mitungi ikakauka. Chiku akalia kiu mpaka sauti ikamkauka, na hofu ikamshika mama yake. Akakimbilia langoni, akaisoma ile programu kwenye kioo cha lango. Katikati akakuta maneno: "Lala, Chiku, lala." Moyo ukamwenda pu! pu! pu! Ni maneno yake mwenyewe!

Akamshtaki Kiboko kwa hakimu, Bi Twiga.

"Programu ni yangu yote, hata nukta!" akasema Kiboko.

"Hata mstari huu wa 'Lala, Chiku'?" akauliza Kindi.

"Wangu!"

"Mstari huo unafanya kazi gani?"

Kiboko hakujua kusoma hata mstari mmoja.

"Sitaki kukutisha, bwana. Lakini je, lango likilala siku ya mafuriko? Nyumba zitasombwa, na mwenye lango ndiye atakayejibu."

Jasho likamtiririka Kiboko. "Mama yangu! Si mimi, mashine ndiyo iliyoandika!"

"Mashine haisimami kizimbani," akasema Bi Twiga. "Ni yako, si yako?"

"Si yangu! Naapa, si yangu!"

"Basi lango ni la wote. Lifunguliwe!"

Maji hayo, shwaaa! Chiku akanywa mpaka tumbo likamjaa.

Kiboko akamnong'oneza Kindi, "Mama Chiku, mstari ule ungefanya nini hasa?"

"Haufanyi kitu. Ni wimbo wa kumlaza mwanangu, niliuandika katikati ya kazi nikimbembeleza. Mashine yako iliukwapua pamoja na kazi yangu."

Kisha Bi Kindi akaketi kuisoma programu yote upya, roho juu, maana sasa haikuwa na wa kuijibia.

Nanyi wanangu, shikeni hili: anayedai asali, na adai na nyuki wake.