Oili Nyepesi ya Kiangi

Fundi mmoja aitwaye Kiangi, mkazi wa tambarare iliyo chini ya milima ya Upare, alikuwa na gari la mbio na binti wa pekee. Gari alilijenga kwa mikono yake mwenyewe. Binti aliitwa Nanzia, na kila alipomwona baba yake amepakaa grisi usoni alicheka mpaka akakaa chini.

Mbio zilifanyika kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa na shamba la mkonge. Magari mawili husimama sambamba, bendera hushushwa, na kabla mtu hajameza mate mambo yamekwisha. Katika mchezo huo ushindi ni wa unywele tu, na Kiangi alijua pa kuupata. Alitia katika injini oili nyepesi mno, karibu sawa na maji. Oili nzito huilinda injini lakini pia huizuia kidogo, kama mzazi aliyemshika mtoto mkono. Ile nyepesi huiachia izunguke inavyotaka. Kwa kipande kifupi kama kile injini huvumilia, mshindani hubaki akila vumbi, na watu hupiga vigelegele.

Alijua vilevile, maana alikuwa fundi kweli, kwamba injini yenye oili ile haifai safari. Ikipata moto na mzigo, vyuma hukutana vikavu vikalana. Kwa hiyo alijiwekea desturi. Mbio zikiisha, alilisukuma gari kwa mikono hadi kivulini, akaimwaga oili ya mbio, akatia ya kawaida, ndipo akaliwasha kurudi nyumbani. Wenzake walimtania kwamba anaogesha mtoto mchanga. Hakuwajali.

Kisha sifa zikamwingia kichwani. Alipozoea kushinda, watu walitaka kulisikia gari lile likinguruma sokoni, naye alitaka kusikiwa. Kumwaga oili kukawa kwake kazi ya bure: aitoe leo, Jumamosi airudishe, ya nini? Akaiacha humo humo. Akaenda nayo dukani, akaenda nayo kanisani, na gari halikulalamika, kwa sababu njia zote hizo zilikuwa fupi na hazina mlima. Hakudanganywa na mtu. Alijidanganya mwenyewe, akajiamini.

Asubuhi moja Nanzia aliumwa na kifutu nyuma ya banda la kuku. Mguu ulivimba huku wanautazama. Dawa ya sumu ya nyoka ilikuwa katika hospitali iliyoko juu mlimani, na barabara ya kwenda huko, ukishavuka daraja, ni kupanda tu hadi mwisho. Jirani yao, Mzee Mgonja, alikuwa ndiyo kwanza anaiwasha pikapu yake kufuata tangawizi huko huko juu, gari kuukuu linalokwenda kwa kukohoa. Aliposikia kilio alifungua mlango, akasema, "Mlete mtoto, mwanangu. Twende."

Kiangi alikuwa amempakata binti yake. Aliitazama pikapu, akalitazama gari lake. Oili aliikumbuka, tusimtetee kwa kusema aliisahau. Lakini majirani walikuwa wamejaa pale uani, na bingwa wa mbio angempelekaje mwanawe hospitali kwa gari la tangawizi?

"Hilo lako litafika kesho, mzee," akasema.

Mpaka darajani alikwenda kama aliyerushwa. Mlima ulipoanza, injini ikaanza kugonga, kwanza taratibu kama mtu anayebisha hodi, kisha kwa fujo. Taa nyekundu ikawaka. Angeweza kusimama akamsubiri Mzee Mgonja nyuma yake, na injini ikapoa. Akakanyaga mafuta. Kwenye kona iliyo juu ya migomba injini ilinoki, vyuma vikashikana, ikanyamaza kabisa, moshi ukafuka. Mkewe, aliyekuwa nyuma na mtoto mapajani, akafungua mlango. Nanzia akauliza, kwa sauti iliyokwisha kuwa ndogo:

"Baba, tumefika?"

Kiangi alishuka. Alimbeba mgongoni akapanda kwa miguu, mkewe nyuma yake akipiga mayowe ambayo hakuna aliyeyasikia. Walitembea hivyo muda mrefu, kwa maana pikapu ilikuwa ya polepole kweli, na hilo alilisema sawa. Ilipowakuta ilikuwa inakohoa vilevile. Mzee Mgonja hakumlaumu. Aliwapakia, akaendelea kupanda, na pikapu ikafika hospitali bila kusita hata kwenye kona moja. Lakini Nanzia alikuwa amekata roho njiani. Mama yake alilijua hilo kabla ya wengine, akaendelea kumfunika miguu kwa khanga ili asipigwe na baridi ya mlimani. Baba yake alikaa kati ya magunia matupu, akiutazama mkono wake uliokuwa na grisi.

Ninyi mnaosifiwa kwa wepesi, na najua mmo humu mnanisikiliza, nawauliza jambo moja tu: katika kutafuta hizo sifa mmekwisha kumwaga nini kizito kutoka ndani yenu, ambacho siku ya mlima ndicho kingembeba mtoto?