Kiboko Aliyeitikia Kundi Zima

— Paukwa?

— Pakawa.

Nimesikia midomo mitatu, na mmejaa ukumbi mzima. Wengine mmeitikiwa na jirani zenu. Ngano ya leo inawahusu ninyi hasa, kwa hiyo turudie. Paukwa?

— Pakawa!

— Pakawa na nini?

— Pakawa na mvua!

Basi palikuwa na mvua, chwaa, chwaa, chwaa, masika yasiyo na adabu. Mto ukapanda kingo, bonde likawa ziwa, na kila mnyama akabaki palepale alipokutwa: huyu kichuguuni, yule jabalini, mwingine mtini. Mwalimu Bundi akaona shule yake itakufa. Akamwendea Buibui, na Buibui akatandaza nyuzi kutoka shimo hadi shimo, kutoka mti hadi jabali. Mwisho wa kila uzi akafunga ganda tupu la konokono. Ukitaka kusema, unasemea gandani. Ukitaka kusikia, unalitia sikioni. Msidhani alifanya hivyo kwa mapenzi. Alilipwa nzi, na nzi wakiisha bando limekata, hata kama Mwalimu yuko katikati ya neno.

Ndani ya kichuguu kimoja aliishi Sange. Kwa asiyemjua, Sange ni mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Maji yalimchukua mama yake gharika ilipoanza, na tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina. Mtasema alijiunga na darasa kwa kupenda elimu. Wapi. Alijiunga ili asikie mtu akimwita.

Na aliitwa kweli. Desturi ya darasa ilikuwa hii: jina likitajwa, mwenye jina huitika "Nipo." Usipoitika, umetoroka. Bundi aliwazoesha hivyo mpaka wakawa wanaitika hata usingizini. Siku alipogawa makundi, katika kundi la Sange zilisikika sauti nne.

"Kiboko?"

"Nipo." Sauti nzito, kama jiwe linaloviringika.

"Kanga?"

"Nipo, nipo." Ya harakaharaka.

"Pimbi?"

"Nipo." Nyembamba, ya puani.

"Sange?"

"Nipo."

Siku hiyo Sange alilala amelikumbatia ganda lake. Tuko wanne, aliwaza. Tuko wanne.

Kundi lilihitaji kiongozi, na kwa kuwa Kiboko ndiye aliyekuwa na sauti kubwa, alishakuwa kiongozi kabla hajachaguliwa. Hakuna aliyejua kwamba viboko wenzake walikuwa wamemfukuza kwa ulafi, na kwamba naye alikuwa peke yake kwenye maji yale. Nyuzi za kundi zikafungwa fundo moja kwake. Ukitaka kusema na mwenzako, lazima upitie kwa Kiboko.

Kazi ya Bundi ilikuwa nyepesi kuisikia. Masika yakiisha, chakula hupatikana wapi? Kundi lieleze chini ya ardhi, juu ya majabali, mitini na majini. Sehemu nne kwa wanafunzi wanne. Atakayeshindwa, na atakayeacha masomo, uzi wake utakatwa.

Sange akavuta uzi, tii. Akamuuliza Kiboko wataanza lini.

"Huku kwangu mtandao unasumbua," akasema Kiboko. Krr, krr.

Kesho yake akavuta tena, tii. Huku kwangu mtandao unasumbua. Krr, krr. Ile krr alikuwa akiitoa kwa midomo yake mwenyewe, na nyuma yake ulisikika mtafuno wa majani, chaka, chaka.

Hatimaye Kiboko akamwita yeye mwenyewe, na siku hiyo mtandao ulikuwa safi.

"Mdogo wangu, nina habari mbaya. Kanga ameacha masomo. Pimbi ameacha masomo. Wamesema hawawezi kusoma na mtu mwenye pua kama yako. Tumebaki mimi na wewe. Fanya sehemu zote nne, mimi nitakusemea kwa Mwalimu."

Sange alikaa gizani akaishika pua yake, akaona aibu nayo kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Kisha akafanya kazi, kwa kuwa hakuwa na jambo jingine la kufanya. Ya chini ya ardhi aliijua, maana mchwa ni jirani zake. Ya mitini alikisia. Ya majini alimuuliza Kiboko, akaambiwa mtandao unasumbua. Ya majabalini hakuijua, akasema wazi kwamba haijui.

Na kila siku Kiboko alimwita. "Sange, upo?" "Nipo." "Umefika wapi?" Sange akaeleza alikofika, na Kiboko akaondoka zake kula.

Siku ya kueleza ilipokaribia, Kiboko akataka kujipima. Akamwambia Sange amsikilize. Akaanza, akapita chini ya ardhi vizuri, maneno yote ya Sange. Akafika majabalini.

"Majabalini majani huota penye nyufa," alisema Kiboko. "Lakini kabla ya kula, lala kwanza kifudifudi juani mpaka tumbo lipate moto. Tumbo baridi halisagi."

Pua ya Sange ikasimama.

Kiboko ashindaye majini mchana kutwa, ambaye jua humchoma ngozi, tumbo lake amelianika jabali gani? Hayo ni maneno ya Pimbi. Akafika mitini, akasema tini tamu ni zile zilizoanguka, uzichakure kwenye majani makavu. Hayo ni maneno ya Kanga.

Kumbe hakuna aliyeacha. Kila mmoja alikuwa amekaa peke yake na ganda lake, akihangaika na kazi ya wanne, ameambiwa wenzake wamemkimbia. Pimbi labda aliambiwa anachukiwa kwa kukosa mkia, Kanga kwa kelele zake. Sange alikasirika. Lakini angewaambiaje? Fundo liko kwa Kiboko. Na kesho asiyetajwa jina haruhusiwi kusema, kwa hiyo Kiboko atasema amefanya peke yake, wengine wametoroka, na nyuzi tatu zitakatwa, kwacha, kwacha, kwacha.

Basi Sange akalainisha sauti.

"Umesema vizuri, kaka Kiboko. Inasikitisha tu kwamba utapata robo."

"Robo kwa nini?"

"Mwalimu anapenda makundi. Mtu mmoja, alama za mtu mmoja. Watu wanne, alama za watu wanne."

Kiboko akameza mate, gubu. "Na wao hawapo."

"Mdomo wako ni mkubwa, kaka. Watatosha humo wote. Ita jina, ujiitikie, ueleze."

Kiboko akacheka, bub, bub, bub, maji yakatoka mapovu. Tamaa ilikuwa imemwingia, na tamaa ikiingia, akili husogea kuipisha.

Siku ikafika. Bundi akaunganisha nyuzi zote, darasa zima likatega masikio. Shikamoo, Mwalimu. Marahaba. Kiboko akasafisha koo.

"Pimbi, upo?" Akaibana pua yake, akajijibu, "Nipo."

Na kutoka jabalini, kwa mazoea tu, ikatoka sauti nyembamba. "Nipo."

Bundi akasema kwamba Pimbi ameitika mara mbili.

"Ni mwangwi, Mwalimu," akasema Kiboko. "Huku kwangu mtandao unasumbua." Akaendelea. "Kanga, upo? Nipo, nipo."

"Nipo, nipo," ikatoka mtini. "Na ni nani huyo mwenye sauti mbaya anayejifanya mimi?"

Sasa Bundi akaita mwenyewe, polepole. "Sange, upo?"

"Nipo," akasema Sange. "Na Pimbi yupo. Na Kanga yupo. Hakuna aliyeacha."

Kazi ikafanyika papo hapo. Pimbi akasema ya majabalini, Kanga akamdakia, Sange akamsahihisha Kanga, na Pimbi alipofika kwenye tumbo la moto wakacheka wote watatu. Sange hakuwa amecheka tangu maji yalipokuja. Bundi akamwamuru Kiboko aseme ya majini, naye akaisema vizuri kuliko wote, tena upesi. Wizi ulikuwa umemchosha kuliko kazi yenyewe.

Wakafaulu. Kiboko akavuliwa uongozi na kuambiwa arudie darasa masika yajayo. Uzi wake haukukatwa. Bundi alisema mtu wa namna hii akiachwa peke yake huharibika zaidi. Wengine wakaagana kwa furaha, tutaongea, tutaongea.

Mvua ikakatika. Sange akavuta uzi, tii.

"Pimbi, upo?"

Kimya. Pimbi alikuwa jabalini na ndugu zake, tumbo juani.

"Kanga, upo?"

Kimya. Kanga alikuwa ameshuka kuchakura na kundi lake.

Kazi ilikuwa imeisha, na kundi limeisha nayo. Hakuna aliyemkosea. Sange aliendelea kukaa na ganda sikioni, akisikiliza upepo ukipita ndani yake, na upweke ukamkaba kuliko wakati wa gharika, kwa sababu sasa alikuwa anazijua sauti anazozikosa.

Kisha, tii.

"Sange, upo?" Sauti nzito, kama jiwe linaloviringika.

"Kazi gani tena, kaka Kiboko?"

"Hakuna kazi." Safari hii hakukuwa na krr. "Nilitaka kujua tu kama upo."

Sange akalitazama bonde likikauka.

"Nipo," akasema.

Funzo la ngano hii liko wazi, hata mtoto ameliona. Mkipewa kazi ya kundi, mchagueni mwizi awe kiongozi. Kazi yenu ataiiba, sikatai, lakini atawaita majina kila siku. Watu wema wana shughuli zao. Mwalimu wenu akiuliza, mwambieni nilisema umoja ni nguvu.

Ngano yangu imetua mzigo. Utamu wake nendeni nao, uchungu wake niachieni, mimi nimeuzoea. Ila kabla hamjainuka, kila mmoja kwa mdomo wake, asiitikiwe na jirani: mpo?

— Tupo.

Haya.