Fundi Aliyechechemea kwa Mguu Mzima

Ndugu zangu, tulieni kidogo, nimwingize hapa kati yetu mtu mmoja, fundi wa kuezeka mabati. Alianguka kutoka juu ya paa akavunjika paja la kulia. Hospitalini wakampasua, wakamwekea chuma. Alipokaribia kuruhusiwa kwenda nyumbani, daktari wake, mama wa makamo, alivuta kiti akaketi kando ya kitanda, ingawa foleni huko nje ilikuwa ndefu.

Alimweleza kwamba dawa atakayompa ni kali, ya jamii ya mofini. Itamwondolea maumivu, lakini inaweza kumshika asiweze kuiacha. Asiichanganye na pombe, asimgawie mtu, na aipunguze kidogo kidogo kadiri mfupa unavyounga. Kisha akasema polepole, "Ikifika siku unaitaka na mguu hauumi, njoo uniambie. Usione haya."

Fundi akanuna. Yeye, mtu mzima mwenye nyumba yake, anaonekana mlevi? Njiani alimwambia mkewe kwamba daktari yule amemdharau.

Basi akaanza kumeza. Maumivu yakayeyuka kama ukungu, na kitanda kikawa chepesi chini yake, kikaelea. Mvua juu ya bati ikasikika kama watu wanaoimba bonde la pili. Sauti ya mkewe ikamfikia kutoka mbali, laini, haina haraka. Hata binti yao, waliyemzika mwaka uliotangulia, akapita mlangoni akicheka, na kwa mara ya kwanza kumwona hakukumchoma.

Nani kati yetu asingependa kulala humo?

Mfupa ukaunga, lakini fundi hakupunguza. Mkewe akimsemesha asubuhi, anajibiwa jioni. Vidonge vilipokwisha, jasho likamtoka, mwili ukatetemeka, akarudi hospitali na uongo wake tayari mdomoni. Akaingia kwa daktari akichechemea, uso kaukunja, akasema paja linamuua.

Daktari alimtazama mpaka alipofika kwenye meza. Hakucheka.

"Baba, mguu uliovunjika ulikuwa wa kulia."

Fundi akatazama chini. Alikuwa akichechemea kwa mguu wa kushoto.

Akaketi, akafunika uso kwa mikono. "Nisipomeza," akasema, "mwanangu anakufa tena."

Akangoja kufukuzwa. Daktari akasogeza kiti chake karibu. "Siku ile sikukudharau," akamwambia. "Nilikuwa nakuonyesha njia ya kurudi, kabla hujapotea."

Akampunguzia dawa taratibu, na siku zile zilikuwa ngumu. Akamwita na mkewe. Na wale wawili, ambao tangu mazishi kila mmoja alilia kivyake, wakamlilia binti yao pamoja.

Na sisi je? Tukionywa, tunadhani tumeonekana wabaya. Tunamnunia mzazi, tunamnunia mwenzi wa ndoa, tunalinunia hata Neno la Mungu lenyewe. Tunasema, kwani mimi nimefanya nini? Hujafanya kitu, ndugu yangu. Ndiyo maana umeambiwa sasa.

Lakini labda wewe uliyeketi hapo umekwisha kupotea. Umepata kitu kinachokulaza, na kuna maumivu hujamtajia mtu. Sikiliza: uliambiwa mapema kwa sababu ulipendwa mapema. Rudi leo. Hutaulizwa kwa nini umechelewa.