Madoa Akataa Kisu cha Amani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na visu!
Vya maadui?
Vya ndugu!

Haya, sogeeni, na mwenye simu aizime.

Hapo kale palikuwa na mji wenye mitaa mitatu. Wa mtaa wa kwanza walikusanyika kusali Ijumaa, wa pili Jumamosi, wa tatu Jumapili. Wote walijidai wajukuu wa babu mmoja, Ibrahimu. Na wote walimiliki fahali mmoja wa kulimia, jina lake Madoa.

Wa Ijumaa wakisali, Madoa analima kwa wa Jumamosi. Wa Jumamosi wakipumzika, Madoa analima kwa wa Jumapili. Wa Jumapili wakiimba, Madoa analima kwa wa Ijumaa. Kila mtu ana siku yake ya Mungu. Madoa hana hata nusu saa.

Mwaka mmoja wakagombana. Juu ya nini? Eti babu Ibrahimu alipopanda mlimani kumtoa mwanawe sadaka, alimpeleka mwana yupi?

“Ismaili!” wakasema wa Ijumaa.

“Isaka!” wakasema wa Jumamosi.

“Isaka,” wakasema wa Jumapili, “lakini maana yake tunaijua sisi peke yetu.”

Mawe yakaruka. Mapaa yakatoboka. Meno yakang'oka. Walipochoka wakasema, “Jamani, tupatane. Tule karamu ya amani. Tumchinje Madoa.”

Madoa akasikia akiwa zizini, akayatema majani. Wapigane wao, afe yeye? Na shukrani ya kulima miaka yote hiyo ndiyo sufuria?

Siku ya karamu akafungwa miguu, akalazwa chini. Wachinjaji wakaja, kila mtaa na wake.

Wa kwanza Maalim Shali. “Mgeuzeni aelekee kibla, nitaje jina la Mungu. Akichinja mwingine, watu wangu hawali.”

Wa pili Rabi Asheri. Akapitisha ukucha kwenye makali ya kisu cha mwenzake. “Samahani, Maalim, hiki kina pengo. Kikipita hiki shingoni, kwetu huyo ni mzoga. Nachinja mimi, kwa changu.”

Wa tatu Mwinjilisti Elifuraha, akicheka. “Kwetu sisi kila nyama ni safi.”

“Basi tuachie sisi!” wakasema wenzake wawili.

“Niwaachie kwa nini? Kila karamu nyinyi tu! Sisi hatuna mikono? Leo nachinja mimi!”

Maalim akamgeuza Madoa. Rabi akamgeuza. Mwinjilisti akamgeuza. Vumbi likamjaa puani, mbavu zikamchubuka. Lakini kila alipogeuzwa, kamba ililegea kidogo.

Madoa akaona: hapa nikinyamaza, nimeisha. Akafungua kinywa.

“Asalamu aleikumu! Shalom! Bwana asifiwe! Nimewasalimia wote, asije akanuna mtu. Sori wazee, nina swali. Mnanichinja kwa jina la nani?”

“La Mungu wa Ibrahimu,” akasema Maalim.

“La Mungu wa Ibrahimu,” akasema Rabi.

“La Mungu wa Ibrahimu,” akasema Mwinjilisti.

“Sasa mnachogombania ni nini?”

“Nyamaza!” wakafoka wote. “Wewe ng'ombe, utajua nini habari za vitabu?” Ndilo neno la kwanza walilosema kwa sauti moja siku ile.

“Kidogo najua,” akasema Madoa. “Mmetoana meno kwa ajili ya mtoto aliyepelekwa mlimani. Ismaili, Isaka, wote wawili walikufa kwa uzee, wakiwa na wajukuu. Pale mlimani aliyechinjwa ni kondoo! Nani kati yenu amewahi kuuliza habari zake?”

Madoa akajinyoosha, kamba ikaanguka. Akasimama.

Mwinjilisti akainua kisu. Maalim akamdaka mkono: “Usimguse, utatuharamishia!” Maalim akainua chake. Rabi akamdaka: “Si kwa kisu chenye pengo!” Rabi akainua chake. Mwinjilisti akamdaka: “Nyinyi tena? Haiwezekani!” Wakabaki wameshikana mikono hivyo, watatu, jasho likiwatoka.

Madoa hakukimbia. Alipita katikati yao akitembea, mkia juu, hadi kwenye lango la mji.

“Siku mkikubaliana nani ashike kisu,” akasema, “niiteni. Nitakuja mwenyewe kwa miguu yangu. Na kuanzia leo, jembe vuteni wenyewe.”

Akaenda zake porini. Akanenepa, akaoa, akazaa. Hajaitwa mpaka leo.

Basi jueni: mkubwa akikuitia amani, kwanza tazama anayelazwa chini ni nani. Ukiona ni wewe, usiseme amina. Simama.

Hadithi imekatika, shingo haikukatika. Na nyinyi mliokuja mkidhani pana nyama, nendeni jikoni kuna maharage. Hayo hayana mchinjaji.