Chumvi Isiyokuwapo ya Bi Mwatime

Palikuwa na sultani mmoja katika mji wa bandari wa Kisimangao, jina lake Shekue, ambaye siku moja aliamka akataka kujua kila kitu kilipo. Si vitu vyake, la. Vyake alivijua. Alitaka kujua vya watu.

Basi akatoa amri. Mzigo wowote unaopita bandarini mwake kwenda Urambe, nchi ya bara isiyo na bahari, sharti uwe na hati. Hati iseme ni mzigo gani, ni wa nani, uko wapi na unakwenda wapi. Tena iwe na ushahidi wa mtu wa serikali aliyeuona kwa macho yake. Mzigo usio na hati, ikasema amri, haupo.

Watu walidhani ni namna ya kusema tu. Haikuwa. Mzigo ukikaa siku saba katika ua wa forodha bila hati, siku ya nane ulihamishiwa ghala la Sultani. Mwenyewe akilalamika, aliulizwa: mzigo gani? Ghala likajaa vitu visivyokuwapo. Mwaka ule Sultani alinenepa sana.

Sasa, huko mtaa wa nyuma aliishi mjane aitwaye Bi Mwatime binti Hamadi, mvuna chumvi. Majira mawili alikuwa ameinama juani akikwangua chumvi mpaka vidole vikapasuka. Akapata magunia kumi na sita. Binti yake alikuwa ameolewa Urambe, na habari zilizofika ni kwamba kule watu wanakula mboga kama wanaotafuna karatasi. Bi Mwatime akapeleka magunia forodhani, kisha akaenda kwa Karani Mbaruku.

"Nimekuja kuchukua hati, bwana karani."

"Kuna mtu wa serikali aliyeuona mzigo?"

"Bado. Njoo uuone wewe. Uko hapo nyuma ya ukuta wako."

"Siwezi kwenda kuangalia mzigo usio na hati."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haupo."

"Na hati sipewi mpaka uuone."

"Umeelewa vizuri, bibi. Wengine huwachukua siku mbili."

Siku ya tano wingu zito likapanda. Bi Mwatime akakimbilia barazani kwa Sultani, akapiga magoti.

"Maulana, mvua inakuja. Naomba turubai nifunike chumvi yangu."

Sultani akamgeukia karani, ambaye kazi yake barazani ilikuwa kuandika kila neno litokalo katika kinywa cha Maulana. "Mbaruku, kitabuni mna chumvi ya huyu mama?"

"Hamna, Maulana."

"Umesikia. Sasa nikupe turubai ufunike nini?"

Sultani akacheka. Baraza zima likacheka. Sultani akanyamaza. Baraza zima likanyamaza.

Mvua ikanyesha alasiri ile ile. Bi Mwatime alivua kanga ya juu akaitandaza juu ya magunia, akayalalia kwa kifua chake, akilia na kuloa pamoja nayo. Magunia mawili yaliyeyuka yakatiririka kuelekea baharini yalikotoka. Akayatazama yakienda. Mvua ilipokatika, alikuwa ameacha kulia.

Siku ya saba, asubuhi kweupe, akaingia uani na punda saba, akapakia magunia kumi na manne, mawili mawili, akaenda zake langoni. Askari akamzuia.

"Unatoa nini?"

"Kamuulize karani."

Askari akaenda, akarudi. Karani alikuwa amefungua kitabu na kusema hakuna mzigo wowote. Askari akafungua lango.

Bi Mwatime hakushika njia ya uchochoroni. Alipita mbele ya jumba la Sultani, polepole, na Sultani alikuwa dirishani akinywa kahawa. Kikombe kikaanguka. Muda si muda mwanamke amesimamishwa barazani, na punda wake wamejipanga mlangoni.

"Mwizi!" Sultani akafoka. "Umebeba nini?"

"Mimi, Maulana? Nawatembeza punda."

"Punda wana magunia!"

"Amri yako inasema hayapo. Mimi ni nani niyaone?"

"Umetoa chumvi uani kwangu!"

"Juzi niliiombea turubai, Maulana, ukasema hakuna chumvi. Nikarudi nyumbani nikijilaumu kwa kukusumbua."

"Wewe mwanamke, unanifanya kipofu?"

"Hasha. Kipofu ni mimi. Nimewatazama punda hawa tangu asubuhi, naona migongo mitupu."

Mawaziri wakatazama dari. Sultani akasimama, mishipa ya shingo imemtoka. Akashuka ngazi mwenyewe, akaenda mpaka mlangoni, akalipiga gunia la kwanza kofi mpaka chumvi ikamrukia ndevuni.

"Hii ni nini, basi? Nani hapa asiyeona? Magunia kumi na manne ya chumvi! Mali ya Mwatime binti Hamadi! Yako juu ya punda saba, mbele ya mlango wangu, yanakwenda Urambe! Nimeyaona mimi, kwa macho yangu haya mawili! Bado unabisha?"

"Sibishi tena, Maulana," akasema Bi Mwatime.

Kilichosikika ni kalamu ya karani tu, ikimalizia neno la mwisho.

Bi Mwatime akamgeukia. "Umeyaandika yote, mwanangu?"

"Yote, bibi."

"Basi gonga mhuri. Au unataka kumwambia Maulana kwamba yeye si mtu wa serikali?"